Gobore Halilengi: Kagua Mtutu Kabla ya Kulaumu Baruti

Mzee mmoja wa Mbagala alinijia Jumamosi asubuhi na gobore lake la urithi, leseni ikiwa ndani ya bahasha iliyokunjwa mara nne. Sijamaliza kumwamkia akaanza: "Mwanangu, baruti ya siku hizi wanaichakachua kama mafuta ya taa. Zamani nilikuwa nampata nguruwe pori hatua hamsini, leo sipati hata mbuyu."

Nikalipokea, nikaelekeza mdomo wake kwenye viroba vya mchanga, nikateremsha mdeki, ule ufito wa kushindilia, taratibu. Ukagoma vidole viwili kabla ya kufika mwisho. "Halina kitu hilo," mzee akasisitiza. Nikamwambia, mzee wangu, kwa leo tulihesabu lina kitu. Nikafungua chuchu, kile kijibomba cha nyuma kinachopitisha moto hadi kwenye baruti, nikatia maji kupitia tundu lake kwa bomba la sindano, nikayaacha yalowanishe, ndipo nikaanza kukwangua. Risasi haikuwemo. Kilichotoka ni tope jeusi gumu kama lami, linanuka mayai viza: masizi ya miaka mingi, yamemwagiwa mafuta ya taa juu yake kila msimu. Baruti ya mzee haikuwa na kosa. Ilikuwa inaungulia juu ya jalala.

Wengi wanaoniuliza kuhusu magobore ni watu wa Dar wenye mashamba Mkuranga, Kisarawe au Rufiji, au walenga shabaha wanaopenda silaha za kale. Malalamiko yao yanafanana, na karibu kila mara wameshabadilisha baruti mara mbili kabla ya kuchungulia mtutu. Nimeyapanga kama wanavyoyasema wenyewe, sababu ya kawaida ikitangulia. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, upige angalau risasi tano kabla ya kugusa kingine. Ukibadilisha baruti, kitambaa cha kuzungushia risasi na mafuta siku moja, hutajua kilichokuponya ni kipi.

Kwanza, lina kitu au halina?

Gobore haliwezi kufunguliwa nyuma ukachungulia kama bunduki ya kisasa. Macho yako ni mdeki. Siku gobore likiwa safi na tupu, teremsha mdeki hadi mwisho, uweke alama pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Ukishalishindilia kwa kipimo chako cha kawaida, weka alama ya pili. Mistari hiyo miwili iliyochorwa kwa kisu ingewaokolea watu wengi vidole. Alama ya kwanza ikibaki juu ya mdomo wa mtutu, hata kidogo, lihesabu lina risasi mpaka uthibitishe vinginevyo. Usilipulizie kwa mdomo kujua kama tundu limeziba. Nimewaona watu wanafanya hivyo, na nimewakataza kwa ukali usiofaa mbele ya wageni.

"Risasi tatu za kwanza zinakaa pamoja, zinazofuata zinatawanyika"

Hili ndilo tatizo namba moja, na kwa Dar lina sababu yake. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki kama masizi na chumvi. Chumvi hizo hunyonya unyevu. Pale Kigamboni upepo wa kusi ukivuma, masizi yanalainika kuwa uji ndani ya dakika chache. Saa sita mchana kwenye uwanja mkavu yanakuwa maganda magumu. Kwa vyovyote risasi ya nne haipiti kwenye mtutu uleule uliopitisha ya kwanza.

Dawa ya kwanza haina gharama: futa mtutu baada ya kila mlio. Chukua kitambaa chenye unyevu, si cha kuchuruzika, kiteremshe mara moja hadi chini, kivute, kigeuze, kisha fuatisha kikavu. Mate yanatosha ukikosa kitu kingine, wazee wametumia mate siku zote. Kikubwa ni ufute kwa namna ileile kila mara. Anayefuta leo baada ya mlio mmoja na kesho baada ya mitano anajitengenezea magobore mawili tofauti.

Ukifuta na bado zinatawanyika, tazama mafuta ya kitambaa cha risasi. Watu hupaka oili ya injini au grisi ya pikipiki. Mafuta hayo ya jamii ya petroli yakikutana na moto wa baruti nyeusi huacha utando wa lami unaoshika kila kitu. Tumia nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya kondoo, au mafuta ya mimea. Mafuta ya nazi ni mazuri, ila hapa kwetu yanabaki maji karibu mwaka mzima kwa sababu huganda chini ya nyuzi joto 24 au 25. Ukiyapenda, yaongezee nta yashikamane, la sivyo yatachuruzika hadi kwenye baruti.

Sababu ya tatu ni mkono. Kama unashindilia mara kwa nguvu, mara kwa huruma, baruti inabanwa tofauti na kasi ya risasi inabadilika. Sukuma hadi ukae juu ya baruti, ongeza mgandamizo uleule kila mara, basi. Hakuna haja ya kuurusha mdeki ndani kama mtu anayetwanga kisamvu.

Baada ya hayo matatu ndipo uiulize baruti.

"Nifuate baruti ipi?"

Baruti nyeusi hupimwa kwa ukubwa wa punje, na kwenye kopo utaona herufi F. Kadiri F zinavyoongezeka ndivyo punje zinavyokuwa ndogo na kuungua haraka. F mbili huendana na mitutu mikubwa, kuanzia inchi 0.50 (milimita 12.7) kwenda juu. F tatu ni za inchi 0.45 kushuka chini, pamoja na bastola. F nne ni unga wa kuwashia tu, kwenye kisahani cha gumegume (bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe), usiijaze mtutuni.

Mwenye mtutu wa 0.50 anaweza kupata shabaha nzuri zaidi kwa F tatu, na masizi hupungua, lakini F tatu husukuma kwa nguvu zaidi. Ukihama kutoka F mbili, punguza kipimo kati ya asilimia 10 na 15, ndipo upande taratibu. Kwa bunduki ya 0.50 iliyotengenezwa kiwandani, watu huanza karibu na greini 50, yaani kama gramu 3.2, wakiongeza greini 5 kila baada ya risasi tano huku wakitazama karatasi ya shabaha. Mahali tundu zinaposogeleana, simama hapo, hata kama kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu zaidi. Kinapokataza, kimekataza. Nguvu na shabaha ni vitu viwili. Baruti nyingi mara nyingi hukupa kishindo, moshi na bega linalouma, na karatasi ileile haina tundu.

Baruti mbadala kama Pyrodex na Triple Seven zina mambo yake. Pyrodex ni nyepesi kuliko baruti nyeusi, kwa hiyo hupimwa kwa ujazo wa kipimo kilekile, kamwe si kwa mizani. Ukiweka uzito sawa utakuwa umezidisha. Triple Seven ina nguvu zaidi, hivyo ujazo hupunguzwa kama asilimia 15. Zote mbili ni ngumu kuwaka kuliko baruti nyeusi halisi, ndiyo maana mwenye gumegume akizitumia anaishia kulalamika kuwa jiwe limekufa. Tena, Pyrodex hula chuma ikiachwa mtutuni, pengine kuliko baruti yenyewe.

Sasa maonyo, na hapa sina utani. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, haiingii kwenye gobore hata chembe. Mgandamizo wake unapasua mtutu, na kinachopasuka kiko sentimita chache kutoka usoni kwako. Usikamue ganda la risasi ya kisasa kupata baruti, usitumie ya fashifashi za sikukuu, wala ile inayosemekana imetoka kwenye machimbo ya kokoto. Usijitengenezee. Nunua kwa muuzaji mwenye kibali, kwenye kopo lake la asili, na kopo hilo ndilo liwe ghala lake. Si chupa ya maji iliyowekwa kabati moja na jiko la gesi. Baruti nyeusi ikilowa mara moja imekwisha, kwa sababu chumvi zake hutengana na viungo vingine hata ukiikausha. Anayeianika juani kwenye ungo anahatarisha nyumba kwa kitu ambacho hakitarudi kuwa baruti nzuri.

"Risasi ya kwanza inakwenda kwao, zinazofuata zinatulia"

Hapa karibu kila mara ni mafuta ya kuhifadhia. Ulipaka mtutu mwezi uliopita, ukafanya vizuri, lakini hukuyatoa kabla ya kushindilia. Pitisha vitambaa vikavu viwili au vitatu hadi kimoja kitoke bila alama. Kisha, gobore likiwa tupu na mdomo ukielekea upande salama, lipua fataki mbili kuunguza mafuta yaliyobaki kwenye njia ya moto. (Nikisema fataki nina maana ya kikofia cha shaba, si yule mzee wa matangazo ya redioni.) Elekeza mdomo karibu na jani la nyasi: fataki ikilia na jani likatikisika, njia iko wazi.

Isipokuwa mafuta, wengine hupiga risasi moja ya kuchafua mtutu kwanza, ndipo wanaanza kuhesabu. Sawa kwa uwanjani. Shambani nguruwe hasubiri ya pili.

"Kitambaa kinatoka kimechanika"

Hili nalipenda, maana gobore linakuandikia barua. Vitambaa vinavyozunguka risasi huanguka hatua 10 hadi 15 mbele ya mdomo. Viokote uwanja ukifungwa, vitandaze mezani.

Kitambaa chema kinafanana na ua: katikati kuna duara la kijivu au jeusi, pembeni kimetatuka nyuzi kidogo, ila hakina tundu. Kikiwa kimeungua katikati, anza na mafuta. Huenda ni machache. Halafu unene: ni chepesi mno. Mwisho ndipo kipimo cha baruti. Kikiwa kimekatwa kwa mistari iliyonyooka, makali ya mifereji ndani ya mtutu bado mapya au kuna kutu iliyoota meno, nayo kutu ni kazi ya fundi.

Unene wenyewe unapimika. Kwa mtutu wa milimita 12.7, risasi ya duara ya milimita 12.45 na kitambaa cha karibu milimita 0.4 ni mwanzo mzuri. Iingie kwa kidole gumba na kibao kifupi, si kwa nyundo.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Kitenge cha bei poa kina nyuzi za plastiki, na plastiki huyeyukia ukutani mwa mtutu. Chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti: pamba huacha jivu laini, plastiki hujikunja kuwa kijipira kigumu. Mimi natumia marekani iliyofuliwa mara mbili kuondoa wanga. Jina lake lenyewe linakukumbusha karne ya 19, meli za Massachusetts zikishusha majora ya kitambaa hicho Unguja, bandari hiyohiyo iliyopitisha magobore kwenda bara.

"Inatawanyika tangu ya kwanza, na mtutu ni safi"

Uliza kama mtutu wako una mifereji. Magobore mengi ya urithi ni laini ndani kama bomba, na risasi inayotoka humo haizunguki. Kuilaumu kwamba haipigi kopo hatua mia ni kulionea gobore. Mita 30 hadi 50 ndio uwanja wake.

Kama una mifereji, tazama mzunguko wake. Mifereji inayozunguka mara moja kwa inchi 60 au 66 imetengenezwa kwa risasi ya duara na kitambaa. Ya inchi 28 inataka risasi ndefu. Ya inchi 48 iko katikati, hukubali zote bila kuipenda yoyote sana. Baada ya hapo kagua vya kawaida: kitako kimelegea, pini ya kulengea imesogea, skrubu ya mtambo inacheza. Mdomo wa mtutu uliolika upande mmoja kwa sababu ya mdeki wa chuma hauponi nyumbani.

"Fataki inalia, gobore halitoki" na "inachelewa, kah… buu!"

Kabla ya sababu, mwiko. Fataki ikilia na gobore likanyamaza, libaki begani, mdomo kwenye shabaha, uhesabu dakika mbili nzima. Cheche inaweza kuwa inatambaa. Watu wameangusha silaha, wameigeuza kuitazama, nayo ikatoka wakati huo.

Baada ya dakika mbili weka fataki nyingine, mdomo ukiwa palepale. Ikikataa tena, sababu ya kwanza ni chuchu iliyoziba kwa masizi au mafuta. Toa fataki, zibua kwa waya mwembamba, jaribu tena. Ya pili ni unyevu: baruti iliyolala mtutuni usiku wa masika haina ahadi. Ya tatu ni fataki isiyoenea. Ikiwa kubwa inacheza, ikiwa ndogo pigo la kwanza la nyundo linaisukuma tu na la pili ndilo linaiwasha. Namba 10 na 11 zinafanana kwa macho lakini hazibadilishani. Ya nne, na huwapata hata wazoefu: umeshindilia risasi bila baruti. Umeongea na mwenzako, umesahau.

Kwa hali hiyo ya mwisho, na kwa risasi yoyote iliyokwama katikati, acha. Ingiza maji kupitia tundu la chuchu hadi uwe na hakika chochote kilichomo kimelowa, kisha mpelekee fundi bunduki aliyesajiliwa mwenye parafujo ya kuvutia risasi. Usitoboe kwa drili, usiupashe mtutu moto, na usijaribu kuitoa kwa kupiga. Risasi iliyosimama mbali na baruti huacha nafasi katikati, na hapo ndipo mitutu hutuna au kupasuka.

Na unapojaza upya, baruti itoke kwenye kipimo kidogo, kamwe isitoke moja kwa moja kwenye pembe au kopo. Cheche moja iliyosalia chini itawasha kilicho mkononi mwako.

"Nimesafisha jana, leo lina kutu"

Dar hii. Hata panga jikoni linashika kutu, sembuse chuma chenye chumvi ndani.

Kosa kubwa ni kusafisha kwa mafuta ya taa au dizeli. Yanang'arisha, yananukia kazi, lakini hayayeyushi chumvi za baruti. Yanazifunika tu zikaendelea kula chuma chini kwa chini. Maji ndiyo yanayoziyeyusha. Nami nafanya siku hiyohiyo, kabla ya kuoga mwenyewe.

Hakikisha ni tupu, toa chuchu, na mtutu ukitoka kwenye kitako utoe. Chovya upande wa nyuma kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye matone ya sabuni ya vyombo. Funga kitambaa kwenye mdeki, vuta na sukuma kama bomba la kisima: maji yanapanda, yanashuka. Ya kwanza yatatoka meusi kama wino wa pweza na harufu itafukuza watoto. Badilisha maji hadi yabaki meupe, suuza bila sabuni, kausha kwa vitambaa hadi kimoja kitoke kikavu kabisa. Maji ya kuchemka sipendi. Chuma kikipata moto sana, kutu nyembamba ya rangi ya chungwa hujitokeza kabla hujageuka kuchukua kitambaa. Maliza kwa utando mwembamba wa mafuta ya silaha, na grisi kidogo kwenye nyuzi za chuchu.

Kesho yake asubuhi pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, rudia kukausha na kupaka. Kikitoka cha kahawia kizito chenye punje, kuna mahali maji yamebaki, mara nyingi pale chini kabisa. Msimu wa masika mimi huangalia tena baada ya wiki. Lisimame mdomo ukielekea chini, mafuta yasichuruzike kwenye chuchu, na usilihifadhi kwenye ala ya ngozi au sponji inayonyonya unyevu.

Ukiona haya, usijaze tena

Nyundo inarudi nyuma yenyewe gobore likitoka, au moshi mwingi unakupiga usoni: tundu la chuchu limepanuka kwa kuungua. Chuchu mpya ya nyuzi zilezile inaweza kumaliza tatizo, lakini nyuzi za mtutuni zikiwa zimelika, hilo si lako. Mtutu ukiwa na uvimbe unaousikia kwa kidole, ufa, kutu yenye mashimo upande wa nyuma, au nyundo inaanguka bila kuvuta kifyatulio, lipeleke gobore kwa fundi aliyesajiliwa ukiwa na leseni mkononi. Gobore la kienyeji lililochongwa kwa bomba la maji halina baruti inayolifaa, na mimi siligusi hata kwa kulisafisha.

Kuna wale wanaokuta silaha juu ya dari baada ya msiba, wakaniuliza niisafishe waijaribu nyuma ya nyumba. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ya marehemu haikuhusu wewe. Usiibebe kwenye daladala kuipeleka kituoni. Iache pale ilipo, funga chumba, nenda polisi mikono mitupu ueleze, waje wenyewe waichukue. Na ukumbuke kuwaambia kwamba hujui kama ina kitu mtutuni.